Kiwaya

Łódź, saa sita usiku, theluji imegoma kuyeyuka.
Maabara yetu imo ndani ya kiwanda cha zamani,
matofali mekundu, madirisha marefu
yaliyozoea vumbi la pamba.
Ghorofa hii hii mama alifuma miaka thelathini na mmoja,
akatoka na sikio moja.

Nimebaki na mashine inayohesabu seli.
Zinapita mojamoja mbele ya leza
kama watu kwenye foleni ya mkate,
kila moja iking'aa kwa rangi niliyoivisha:
kijani kwa kipokezi kinachosema nenda,
nyekundu kwa kile kinachosema basi.

Damu ya leo ina namba tu, 0417.
Mimi ndiye ninayejua kuwa 0417
hula bitiruti mbichi, amesimama, mlango wa friji ukiwa wazi,
na ameniibia soksi tangu tulipolala kitanda kimoja.
Otylia, mdogo wangu.

Seli B si kubwa.
Zipange elfu moja, hazivuki ukucha wa kidole gumba.
Lakini utando wa kila moja umejaa mikono, laki na zaidi,
ikipapasa gizani, ikisaka umbo moja tu.
Ikiligusa, mikono inasongamana,
ndani taa zinawaka, fosfeti baada ya fosfeti,
na seli inaanza kuchapa kingamwili
kama kiwanda kilichopata oda ya jeshi.

Wengi wanapohadithia huishia hapo.

Mama hakuishia hapo. Alinitegea sikio lake zima,
akauliza: "Na nani anaisimamisha?"
Kisha kwa vidole, juu ya kitambaa cha meza,
akanionyesha jinsi kila uzi wa mtande
ulivyobeba kiwaya chepesi cha chuma.
Uzi ukikatika, kiwaya kinaanguka,
na mtambo mzima unanyamaza.
"Mitambo yangu kumi na sita ikinguruma," alisema,
"sikuwa nasikiliza kelele, Halszka.
Nilikuwa nasikiliza kimya."

Kipokezi cha basi ni kiwaya hicho.
Kinangoja mkia wa kingamwili.
Mkia, maana kichwa kimeshamuuma adui.
Kikiushika kimejua: kazi imefanyika, ya kutosha yapo.
Hapo kinaita kimeng'enya,
nacho kinapita ndani polepole,
bawabu wa usiku anayezima swichi chumba kwa chumba.
Kipo na kingine, kinachoonja sukari
kwenye ngozi ya seli jirani:
huyu wa kwetu, mwache.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Najua. Nimezaliwa na wafumaji.
Ila seli za Otylia hazina chuki naye.
Hazikusikia basi, ndiyo yote,
na maji yamezidi unga:
wekundu umetanda mashavuni, mfano wa kipepeo,
vidole asubuhi havifungi kifungo,
sasa figo.
Alicheka juzi, wodini, mrija ukiwa mkononi:
"Kinga yangu ina bidii kama wewe.
Haijui kurudi nyumbani."

Kwenye skrini kilima chekundu ni kifupi.
Nimepima mara tatu, kama kanuni inavyotaka.
Mara ya nne nimepima kwa sababu ni Otylia.
Bado kifupi.
Mtu mmoja, mrija mmoja, huo si ushahidi wa lolote;
ningemwambia hivyo mwanafunzi yeyote,
na ningemwambia kwa ukali.

Mrija umekauka. Mashine imenyamaza.
Nimegeuka kabla ya kufikiri,
shingo yangu ikawa shingo ya mama,
kutafuta ni uzi gani.